Watu wa Mikeka Miwili

Nilipokuwa kijana kule Unguja niliamini kwamba Mnyamwezi ana roho mbili. Sikuamini kidogo kidogo kama mtu anayeonja mchuzi. Niliamini mzima mzima, tayari kupigana. Habari hiyo nilipewa na fundi mwenzangu tuliyekuwa tukishona naye kofia barazani, mtu ambaye maishani mwake hakuwahi kuvuka maji hata ya kufika Pemba, lakini mambo ya bara aliyajua yote.

Alisema hivi: wapagazi wa Kinyamwezi wanaoshuka pwani na pembe za ndovu, wengine hubeba mkeka mmoja na wengine hubeba miwili. Mwenye mmoja ni mtu wa kawaida, kama mimi na wewe. Mwenye miwili ana roho ya akiba. Mkeka wa kwanza analalia yeye. Wa pili umefungiwa roho ya pili, nayo inalala humo mchana kutwa huku mwenyewe akitembea. Akiumwa na nyoka, akizama mtoni, akishikwa na ndui, anakufa kama watu wote wanavyokufa. Kisha wenzake wanaukunjua ule mkeka wa pili, na yeye anaamka na kuuliza chakula kiko wapi.

"Anauliza chakula?" nilimwuliza.

"Chakula kwanza," akasema fundi. "Kufa kunatia njaa."

Umri wangu ulikuwa ule wa kupewa jiwe nikaambiwa ni halua, nikalitafuna na kuomba jingine. Tena nilikuwa nimehitimu kwa mwalimu wetu wa usiku, aliyetusomesha sisi watu wa kazi baada ya sala ya isha, taa moja vichwa kumi na vinane, na kwa kuwa nilikwisha kujua kuandika barua ya salamu bila kusaidiwa, nilijiona mwanachuoni wa kutisha. Mwanachuoni hadanganywi, basi. Nikawasimulia wengine habari ya roho ya akiba, na kila niliposimulia niliongeza kidogo, hata ikafika siku roho ile ikawa inakoroma ndani ya mkeka na wapagazi wa jirani hawapati usingizi.

Miaka michache kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao pwani ya Mrima, tajiri wangu alinituma Bagamoyo na furushi la kofia. Nilishuka ufukweni asubuhi, nikaulizia duka hadi nikalipata, na mwenye duka, Mhindi mmoja mwembamba aliyezungukwa na marobota ya nguo za kaniki hadi kidevuni, hakulitazama hata furushi.

"Kesho, fundi, kesho," akasema. "Leo msafara unaingia. Hata nafasi ya kumeza mate sina."

Basi nikawa na siku nzima mikononi, katika mji ambao hapana mtu hata mmoja aliyenijua. Hilo lilikuwa jambo geni kwangu. Kwetu ukipiga chafya watu watatu wanakuombea rehema, na wa nne anakuja kuuliza una nini. Bagamoyo nilipiga chafya mara saba, nyingine za makusudi, na hakuna aliyegeuka. Nikaamua kuwatazama watu, maana mtu asiyetazamwa hana kazi nyingine.

Niliona upesi kwamba mji ule ulikuwa na watu wa aina mbili, wanaopanda bara na wanaoshuka kutoka bara. Wanaopanda walikuwa wakicheza ngoma uwanjani saa mbili za asubuhi, wamejipaka mafuta wanang'aa, wakijaribu mizigo yao begani na kutukanana kwa furaha. Wanaoshuka walikaa kwenye kivuli cha nyumba ya wapagazi, migongo ukutani, na hawakuitazama ngoma. Ngozi zao zilikuwa kama zimepakwa jivu. Nilimwona mmoja mwenye kidonda mguuni ambacho ungeweza kuegesha humo kikombe cha kahawa. Kikombe kidogo, nisizidishe. Kinyozi alikuwa akiwanyoa mmoja baada ya mwingine, na kila aliyekwisha kunyolewa alishuka umri, ikaonekana kwamba yule mzee niliyemdhania wa miaka sitini alikuwa kijana mwenzangu.

Mwisho wa ukuta alilala mgonjwa. Alifunikwa nguo ya marekani kuanzia kichwani, nyayo tu zikiwa nje, zimepasuka kama matope ya kiangazi. Alilalia mkeka. Mwenzake aliketi karibu na kichwa chake akifukuza inzi kwa kuti la mnazi, na ubavuni pake palikuwa na mkeka mwingine uliokunjwa. Mmoja chini, mmoja umekunjwa! Nikahesabu tena nisije nikakosea: miwili. Nilitoa salamu. Mwenye kuti akaitikia kwa kichwa. Aliyelala hakuitikia.

Nilikwenda msikitini kusali adhuhuri, nikanunua mkate, nikarudi mbiombio nisikose tamasha. Mgonjwa hakuwapo. Pale mahali pake mchanga ulikuwa umefagiliwa, na mtu mmoja alikuwa ameketi peke yake, anatazama chini, na mikeka yote miwili imekunjwa na kufungwa kwa kamba moja kwenye mzigo wake.

Sasa naomba msomaji asinihukumu upesi. Sura zile sikuwa nimezizoea. Wote kwangu walikuwa mtu mmoja aliyechoka. Na mgonjwa nilikuwa sijamwona uso. Nilipomwona mtu mmoja palipokuwa na wawili, sikujiuliza ni yupi aliyeondoka. Nilijua tu kwamba mgonjwa ameamka.

"Hongera, ndugu!" nikamwambia. "Umerudi!"

Aliinua macho kutoka mchangani.

"Umeshakula?" nikamwuliza, maana ndiyo alama niliyofundishwa.

"Bado," akasema.

Nikaona ushahidi umetimia. Nikamkatia nusu ya mkate wangu. Akaupokea kwa mikono miwili, akaushika vile vile magotini, hakuula. Hilo halikunisumbua hata chembe. Niliondoka pale nikitembea kama mtu aliyeona mwezi wa Idi kabla ya wenzake, natunga jinsi nitakavyomsimulia fundi.

Alasiri watu walianza kwenda mwisho wa mji, inapoingilia njia itokayo kwenye kivuko cha mto Kingani. Msafara ulikuwa umevuka jana yake na kulala ng'ambo hii ili watu waoge na kujipamba, maana hakuna mpagazi anayeingia Bagamoyo na vumbi lake. Nami nikafuata. Umati ulisimama upande wa kushoto wa njia, juani, wanabanana, wanakanyagana vidole. Upande wa kulia palikuwa na nyumba iliyobomoka, ukuta wake mmoja wa mawe ungali unatoa kivuli kizuri, na katika kivuli chote kile aliketi mwanamke mmoja mzee na kikapu cha mihogo ya kuchemsha. Hatua kumi kila upande, hapana mtu.

Nikasema, watu wa mji huu hawana akili. Nikaenda kukaa.

"Mgeni!" akaita muuza maji mmoja kutoka ng'ambo ya njia. "Njoo ukae huku!"

"Huko kuna jua!"

"Njoo tu, nakwambia."

Nilidhani anataka kuniuzia maji. Nikamgeuzia kisogo, nikamwamkia bibi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe Muunguja."

"Umejuaje?"

"Unasema kama mtu mwenye sukari chini ya ulimi. Kaa, kaa. Nafasi tele. Watu wa hapa wananipenda kupita kiasi, hawataki kunizibia hewa."

Aligeuza uso kwangu, nikaona macho yake yote mawili yana utando mweupe. Alinieleza mwenyewe bila kuulizwa: alikuwa anakaa Kaole, na macho yameliwa na moshi wa kukausha samaki, sasa watu anawaona kama wamesimama nyuma ya pazia. Kila ukitangazwa msafara huja kwa miguu, anashika kipande cha ukuta huu, anangoja. Mwanawe alipanda Unyanyembe na mizigo ya nguo, na hii ilikuwa masika ya tatu tangu aondoke. Ndiye mtoto aliyebaki. Wengine wanne alikwisha kuwazika.

"Huyu mmoja akirudi nimeshinda," akasema. "Asiporudi, basi, sikuzaa."

Alisema hivyo huku akinimenyea muhogo.

"Na wa kukutazamia ni nani, bibi?"

"Ndilo tatizo. Zamani walinitazamia. Siku hizi nikimwomba mtu, anakumbuka kwamba mbuzi wake kamfunga juani." Akacheka, mimi nikacheka zaidi. "Wewe una mbuzi?"

"Sina hata kuku."

"Basi nitazamie."

Akanieleza cha kutazama. Uso wa mwanawe ungekuwa umebadilika, na mimi simjui, kwa hiyo nisihangaike na nyuso. Nitazame mkeka. Alimsukia mwenyewe kabla ya macho kuharibika, ukindu wa rangi, ukingoni mistari mitatu: mweusi, mwekundu, mweusi. Na kona moja imepinda, kwa sababu siku ya kuumaliza alikuwa na homa na kijana alikuwa na haraka. Hapana mkeka mwingine kama huo Mrima nzima, akasema, kwa sababu hapana fundi mwingine angekubali kuutoa nje na kona ile.

"Ni mmoja tu?" nikauliza. "Hukumsukia wa pili?"

"Wa pili wa nini? Mtu ana migongo mingapi?"

Nilimhurumia, wallahi. Mtoto mmoja, mkeka mmoja, roho moja, na bara yote ile. Nikala muhogo kwa adabu. Kando ya kikapu chake niliona kanzu safi imekunjwa vizuri. Nilipomwuliza akasema ni ya kijana, avae palepale njiani, asipite mbele ya watu na nguo za porini.

Bunduki zikalia. Kwanza mbali, kisha karibu, kisha zikalia hata nikadhani vita. Nikapanda juu ya ukuta. Bibi akasimama chini yangu, akaushika upindo wa kanzu yangu kwa ngumi.

"Sema unachokiona," akasema. "Usinipambie."

Nani, mimi! Lakini siku ile nilijitahidi. Nikamwambia: anakuja kirangozi mbele, mwongoza njia, kavaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, ana bendera. Nyuma yake mwenye barugumu, anapuliza mashavu yatapasuka. Sasa wanakuja wenye pembe. Pembe zilikuwa kubwa, nyingine zimefungwa njuga kubwa za chuma, kila mtu akipiga hatua zinalia, na watu walikuwa wameinama upande mmoja kama miti iliyopigwa na upepo miaka mingi.

"Mikeka," akasema bibi.

"Huyu mmoja. Rangi ya majani makavu. Huyu mmoja, umechakaa. Huyu hana, ana ngozi ya mbuzi. Huyu mmoja. Huyu mmoja, hauna mistari."

Walipita thelathini, arobaini, mimi nasema watu mia tano, lakini labda walikuwa mia na kidogo. Ngumi yake ilivuta upindo wangu kila nilipovuta pumzi. Wapo waliochechemea. Wapo waliofungwa vitambaa usoni. Upande wa pili wa njia wanawake walipiga vigelegele wakiwaona wao, na kila kigelegele kilipopigwa bibi alisema, kwa sauti ya kawaida, "Alhamdulillahi, huyo wa wenyewe."

Kisha nikauona. Sikuwa na haja ya kuutazama mara mbili. Mweusi, mwekundu, mweusi, umefungwa juu ya pembe ndefu, na kona imetokeza nje, imepinda kama sikio la mbwa.

"Bibi! Mistari!"

"Ipi?"

"Mweusi, mwekundu, mweusi!"

"Kona?"

"Imepinda! Imepinda kabisa!"

Kikapu kilipinduka. Sikuwahi kuona uso wa binadamu ukifanya vile, kama dirisha lililopigwa teke kutoka ndani. "Anatembea? Anatembea vizuri? Amekonda?"

"Anatembea, bibi! Mrefu, mwenye nguvu—"

"Mrefu?" akasema. "Mwanangu si mrefu."

"Labda amerefuka! Miaka mitatu!" Na hapo nikaona jambo zuri zaidi, nikajua Mungu amemfungulia mwanamke huyu mlango wa rehema. Nikapaza sauti ili hata muuza maji asikie. "Na mikeka anayo miwili, bibi! Miwili! Ana wa kwako na mwingine!"

Vigelegele vilikatika. Upande wa pili wote ulikuwa unanitazama mimi. Muuza maji alikuwa ameweka mtungi chini.

"Mingapi?" akauliza bibi.

"Miwili! Basi usiogope tena, huyu sasa hafi!"

Akauachia upindo wangu. Aliuachia taratibu, kidole kimoja kimoja, kisha akaketi chini, katikati ya mihogo yake, akaweka mikono magotini, viganja juu.

Mpagazi hatoki kwenye mstari mpaka mzigo umetuliwa penye nyumba ya tajiri. Hiyo ni kanuni yao, na anayeivunja hupigwa. Yule mrefu alitoka. Akaja moja kwa moja kwenye ukuta, kana kwamba alikwisha kuelekezwa zamani mahali pa kumkuta, akaegesha pembe, akafungua kamba, akautoa mkeka wa mistari na kumwekea mapajani kwa mikono miwili. Hakumsalimu. Bibi akautafuta ukingo kwa vidole, akaufuata mpaka kwenye kona, akaishika.

"Wapi?" akauliza.

"Ugogo. Visima vilikuwa vikavu."

"Alikuwa peke yake?"

"Nilikuwa naye. Tulikuwa kambi moja, chungu kimoja."

"Alisema nini?"

"Aliomba maji."

"Mlimpa?"

Nilitamani aseme uongo. Mimi ningesema uongo, ningemwambia alikunywa mto mzima.

"Hayakuwapo, mama," akasema.

Ndipo wanawake wakavuka njia. Wale wote waliokuwa wakijibana juani wakavuka kwa pamoja, wamejitanda nguo kichwani, wakamzunguka. Wawili wakamwinua. Mmoja akauchukua mkeka, mwingine akaokota mihogo, na muuza maji akamnawisha uso. Wakaondoka naye polepole njia ya Kaole, nikasikia wakipanga nani atalala naye leo na nani kesho. Walijua la kufanya tangu asubuhi, maana habari ya kifo ilikwisha kushuka na misafara iliyotangulia. Walikuwa hawataki tu kuwa ndio midomo ya kulisema.

Mimi nilibaki juu ya ukuta. Nikashuka. Yule mrefu alikuwa ameinama kuinyanyua pembe yake, na bega lake, nilipolitazama kwa karibu, lilikuwa limechubuka na kuota sugu na kuchubuka tena juu ya sugu.

"Ndugu," nikamwambia, "mbona hamkuukunjua? Mkeka wa pili. Alipokufa, mbona hamkuukunjua akaamka?"

Hakunielewa. Basi nikamweleza. Nilimweleza yote, tangu mwanzo, kama nilivyoeleza mara mia barazani: roho ya kwanza, roho ya akiba, inavyolala mchana, mtu anavyoamka na kuuliza chakula. Nilimweleza hata habari ya yule mgonjwa wa asubuhi, nilivyomwona kwa macho yangu amefufuka, nilivyompa mkate. Nilipofika hapo sauti yangu ilianza kuniishia, lakini nilikuwa nimekwisha kuanza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Aliinyanyua pembe, akaipanga begani palepale penye kidonda, mkeka wake uliobaki ukining'inia nyuma, akangoja mpaka imekaa sawa.

"Roho ni moja, ndugu yangu," akasema. "Wa kwanza ni wangu. Wa pili ni wa aliyekufa. Mtu mwenyewe hatuwezi kumbeba, kwa hiyo tunawapelekea kwao mkeka wake, wapate cha kutandika matangani."